Raha na Ukimya katika Nyumba ya Prem

Mwongozaji Sooraj Barjatya alitoa Hum Aapke Hain Koun..! mwaka 1994, na hadi leo ni filamu ambayo bibi na mjukuu wanaweza kuitazama pamoja bila yeyote kuona haya. Hilo si jambo dogo. Sinema ya Kihindi ilikuwa imezoea visasi na damu; yeye akaleta uchumba, harusi, mtoto, nyimbo 14 na utani wa mashemeji. Mila ya kumwibia bwana harusi viatu inachukua wimbo mzima, na Madhuri Dixit, akiwa Nisha, anaunogesha kwa macho tu.

Tatizo linakuja pale huzuni inapoingia. Pooja, dada yake Nisha, anaanguka ngazini na kufa. Wazee wanaamua Nisha aolewe na Rajesh, mgane wa Pooja, ili mtoto wao apate mama. Nisha anakubali akidhani mume ni Prem, mdogo wake Rajesh, anayempenda. Akijua ukweli, ananyamaza. Prem, yaani Salman Khan, naye ananyamaza, na filamu inausifu ukimya huo kama adabu. Anayewaokoa ni mbwa, Tuffy, anayepeleka barua ya Nisha kwa Rajesh badala ya Prem.

Hapo ndipo ninaposononeka. Binti aliyepewa ulimi mwepesi na utundu wote ule katika nusu ya kwanza ananyang'anywa sauti siku anapoihitaji kuliko zote, na hakuna mzee hata mmoja anayeulizwa kwa nini hakumuuliza.