Majina Mawili ya Mtu Mmoja: Kusafisha Barua Pepe na Orodha ya Namba

Mazungumzo na watumiaji wa huduma za mawasiliano, Migato, mkoani Simiyu



Nimeombwa nizungumzie usafi wa kompyuta. Najua wengi wenu hamna kompyuta nyumbani. Hata hivyo, simu nyingi zilizomo humu zimeunganishwa na akaunti ya Google, na majina yaliyohifadhiwa katika akaunti hiyo huweza kufunguliwa kwenye kompyuta yoyote, iwe ya chama cha ushirika, ya shule au ya kijana wa steshenari. Kazi hii ni rahisi zaidi kwenye kioo kikubwa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Msimu uliopita nilimtumia mama yangu mdogo fedha za palizi. Katika simu yangu alikuwa na majina mawili, "Mama Mdogo" na "Mama Mdogo Mpya". Nikabonyeza la kwanza. Namba hiyo alikuwa ameiacha zamani, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, kisha namba yake hupewa mteja mwingine. Simu ilinionyesha jina la mpokeaji kabla sijaweka namba ya siri, nami kwa haraka sikulisoma. Nilipopiga huduma kwa wateja, fedha zilikuwa zimekwisha kutolewa. Palizi ilichelewa wiki mbili.

Basi, fungueni akaunti kwenye kompyuta, mwende kwenye orodha ya anwani. Kwanza pakueni nakala ya orodha yote, ili mkikosea mpate pa kurudia. Kisha tafuteni sehemu ya kuunganisha majina yaliyojirudia. Hapo ndipo watu wengi hudhani kazi imekwisha, na hapo ndipo naomba mnisikilize vizuri. Kompyuta huunganisha majina, haichagui namba. Kadi mbili zitakuwa moja, lakini namba ya zamani na mpya zitabaki zote ndani yake, na mashine haina njia ya kujua ipi imekufa. Kazi hiyo ni yenu. Pigeni namba ile, msikie sauti ya mwenyewe, ndipo mfute isiyo yake. Kwa mweka hazina wa ushirika anayewalipa wakulima wa pamba, hili ni jambo la kufanya kabla ya msimu kufunguliwa.

Orodha chafu humsaidia pia tapeli. Mtu aliyezoea kuandika "Mpya" na "Mpya 2" akipokea ujumbe usemao, "Shangazi, nimebadili namba, ile pesa itume huku," huongeza jina la tatu bila kuuliza. Mpigie kwanza kwa namba unayoifahamu. Ujumbe wa kitapeli upelekeni 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Na kwa kuwa tunazungumzia namba, pigeni *106# mhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Huenda ikawamo msiyoifahamu.

Sasa barua pepe, hasa kwa vijana wanaoomba kazi. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, nayo hugawanywa kati ya barua, picha na mafaili. Ikijaa, barua mpya haziingii: anayekuita kwenye usaili hurudishiwa ujumbe wake, nawe hujui lolote. Msihangaike kufuta barua ndogo ndogo moja moja. Katika kisanduku cha kutafutia andikeni larger:10M, na zitatokea zile zenye viambatisho vizito. Vyeti na mikataba vihifadhini kwanza mahali pengine, kisha futeni. Kilichofutwa hukaa kwenye kapu la taka siku 30, na muda wote huo bado kinakula nafasi. Kapu nalo limwagwe, lakini baada ya kulipitia kwa macho. Folda za zamani, kama za masomo yaliyokwisha, zina shida kidogo tu. Ziacheni kama hazina uzito.

Mkimaliza kwenye kompyuta isiyo yenu, tokeni kwenye akaunti. Kufunga ukurasa hakutoshi.

Mwenye simu yenye "Mama Mdogo" wawili aje hapa mbele na tuanze na yake.