Seli Nyekundu Katika Hewa ya Mlima
Mada iliyowasilishwa kwa wahudumu wa maabara, wahamasishaji wa afya ya jamii, walimu na waongozaji wa mlima, Naro Moru



Kabla sijaanza kusema, naomba mtazame mikono yangu. Hili ni tone la damu ya mwenzetu mmoja aliyekubali nililete mbele yenu bila kumtaja. Naliweka kwenye slaidi. Naongeza tone la sodiamu metabisalfaiti ya asilimia mbili, niliyoikoroga leo asubuhi, maana ya jana imeshapoteza nguvu. Nafunika kwa kioo chembamba, kisha napaka vaselini pembeni pote ili hewa isipenye. Kazi ya dawa hii ni moja tu, kuiondoa oksijeni. Seli zilizomo humu zimeanza kupanda mlima sasa hivi. Tuziache zipande huku tukizungumza.

Nimefanya kazi ya maabara huku kwetu kwa miaka mingi, na kuna neno nililolisikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma kuliko mimi: selimundu ni ugonjwa wa watu wa ziwa na wa pwani, huku mlimani haupo. Nimekuja kupinga neno hilo. Lilikuwa na ukweli wake zamani, na nitaeleza ulikotoka. Lakini ugonjwa wa seli haukai mahali. Hukaa ndani ya mtu, na mtu husafiri.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja mzaliwa wa Busia, aliyehamia huku kufanya kazi katika shamba la maua. Alikuwa amembeba mgongoni mtoto wa miaka sita ambaye tayari alipaswa kutembea mwenyewe. Vidole vya mtoto vilikuwa vimewahi kuvimba akiwa mdogo, macho yalikuwa na umanjano, na kila ulipofika mwezi wa Julai alilia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Kituo walichokuwa wakihudhuria, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimemtibu baridi yabisi kwa karibu miaka miwili. Mama mwenyewe alikuwa ameshakubali. Aliniambia, “Daktari, ni hii baridi yenu tu. Mwili wake haujaizoea.” Nilimjibu, “Mama, baridi inachangia, lakini tumtazame damu.” Ilichukua nusu saa, kama slaidi hii iliyo mezani. Miaka miwili ya mateso, na jibu lilikuwa nusu saa mbali nasi. Bado hilo linaniuma.

Sasa niwaambie neno hilo lilitoka wapi, kwa sababu historia yake inaanzia kwenye mlima huu huu.

Mwaka 1949 msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford ulikuja kuchunguza Mlima Kenya. Miongoni mwao alikuwamo kijana aliyeitwa Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kulelewa hapa Kenya, katika shamba lililotazama Bonde la Ufa. Wenzake walishughulika na mimea na wadudu. Yeye alizunguka nchi akikusanya damu za jamii mbalimbali, na pamoja na kupima makundi ya damu alitazama ni nani wana seli zinazopinda. Aliposhika matokeo yote mkononi, yalijipanga kama ramani. Karibu na pwani na karibu na Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na himoglobini ya selimundu. Katika nyanda za juu, na katika nchi kavu iliyo katikati, hawakufika hata mmoja katika 100.

Swali lake lilikuwa rahisi na zito: jeni inayoua watoto kwa wingi hivyo, mbona haijaisha? Naye akaona kwamba ramani ya selimundu ni ramani ya malaria. Huku kwetu, joto likiwa chini ya nyuzi 18 hivi, kimelea cha malaria hukua polepole mno ndani ya mbu, hata mbu hufa kabla hakijakomaa. Kule chini hukomaa vizuri. Kwa hiyo, alifikiri Allison, jeni hii lazima inamkinga mtu na malaria anapoirithi kwa mzazi mmoja tu, ingawa inamwangamiza anapoirithi kwa wazazi wote wawili.

Alimaliza masomo ya udaktari kisha akarudi Afrika Mashariki kulithibitisha. Katika jaribio aliloliandika mwaka 1954, wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi, 15 wakiwa wabebaji wa jeni na 15 wasio nayo. Kati ya wasio nayo, 14 walipata vimelea katika damu. Kati ya wabebaji, wawili tu. Jina la Allison linafundishwa duniani kote. Majina ya wale 30 hayafundishwi popote, ingawa miili iliyougua ilikuwa yao. Leo jaribio la namna hiyo haliwezi kufanyika bila kupita mbele ya kamati ya maadili, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kila ninapoieleza habari hii sikosi kuwataja wao, na ninawaomba walimu mfanye hivyo darasani.

Wenzetu wa taasisi ya utafiti ya KEMRI kule Kilifi wameendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2005 walionyesha kwamba mtoto aliye mbebaji anakingwa na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake walieleza kinga nyingine kabisa, ya kundi la damu liitwalo Dantu: utando wa seli nyekundu ya mwenye kundi hilo umekazwa zaidi, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, na kimelea kinashindwa kupenya. Ndiyo maana nasema seli ndiyo mahali pa kuutazama ugonjwa. Ukitazama homa peke yake huwezi kujua kwa nini mtoto huyu amepona na yule ameaga.

Basi ndani ya seli kunatokea nini? Hapa naomba subira yenu, maana ndipo penye mambo.

Seli nyekundu haina kiini. Ilikitupa ilipokuwa inakomaa ndani ya uboho, ikabaki mfuko laini uliojaa himoglobini, molekuli zipatazo milioni 270 katika seli moja. Huishi siku 120 hivi, na kila mara hulazimika kujikunja ili ipite kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Ulaini ndio uhai wake. Mwaka ule ule wa 1949, Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya selimundu ina kasoro katika molekuli yenyewe, na mwaka 1957 Vernon Ingram aliipata kasoro ilipo: asidi amino moja tu, ya sita katika mnyororo wenye 146, imebadilishwa na nyingine. Tofauti ni hiyo tu.

Himoglobini hiyo ikiwa na oksijeni haina tatizo. Ikishaitoa oksijeni, molekuli hushikana moja na nyingine na kujipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu, na nyuzi hizo huisukuma seli kutoka ndani mpaka ipinde na kukakamaa. Lakini kushikana huko hakutokei papo hapo. Kuna muda wa kuchelewa. Seli ikiwahi kupita kwenye mshipa mwembamba na kurudi mapafuni kabla ya muda huo kwisha, inasalimika. Ikichelewa, inapindia njiani na kuziba mshipa. Maisha ya mgonjwa wa selimundu ni mbio baina ya mwendo wa damu na muda huo.

Ukishalielewa hilo, ushauri wote tunaoutoa kliniki unaacha kuwa amri tu. Kwa nini tunasema anywe maji mengi? Kwa sababu seli ikikauka himoglobini hubanana, na zikibanana kidogo tu muda wa kuchelewa hupungua sana. Kwa nini tunasema ajifunike? Kwa sababu baridi hubana mishipa, damu ikapunguza mwendo, na seli ikakawia mahali pasipo na oksijeni. Yule mama wa Busia hakukosea kuilaumu baridi ya huku. Waliokosea ni wale walioishia hapo.

Mbebaji yeye ana nafuu kubwa. Zaidi ya nusu ya himoglobini yake ni ya kawaida, nayo huzuia nyuzi zisifanyike upesi. Akiwa Kisumu au Kilifi ataishi maisha yake yote bila kujua. Lakini mlete hapa Naro Moru, karibu mita 2,000, mpakie gari hadi kituo cha hali ya hewa kwenye mita 3,050, mtembeze kwenye tope la kinamasi, alale kambi ya Mackinder kwenye mita 4,200 ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 60 ya ile ya pwani, kisha umwamshe usiku wa manane apande Lenana, mita 4,985, akiwa na kiu na baridi. Wabebaji wengi hata hivyo hupanda na kushuka salama, na sitaki kumtisha mtu. Ila wachache hupatwa na jambo ambalo vitabu vya tiba vimelieleza vizuri: wengu hufa sehemu au wote. Ndani ya wengu damu hupita polepole, kwa hiyo ndipo mahali pa kwanza ambapo muda wa kuchelewa hautoshi.

Waongozaji, hapa ninasema nanyi moja kwa moja. Ugonjwa wa mlima mnaujua kuliko sisi: kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi hauji, na mbaya zaidi kifua kinapojaa maji. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto si ugonjwa wa mlima wa kawaida. Mgeni akishika ubavu huo na kutapika, msiseme ni chakula. Mpeni oksijeni mkiwa nayo, mshusheni hata kama ni usiku, na mkifika chini mwambieni daktari neno wengu. Aliye na ugonjwa wenyewe, si mbebaji tu, kwa maoni yangu asipandishwe kabisa.

Niliwahi kuulizwa na mpagazi mmoja kwa nini yeye hupanda akiimba na mgeni wa kutoka Mombasa hupanda akihema. Jibu nalo liko ndani ya seli. Katika figo kuna seli zinazopima oksijeni bila kukoma. Oksijeni ikiwa tele, vimeng'enya huitumia kuitia alama protini fulani, nayo huharibiwa mara moja. Oksijeni ikipungua, alama haitiwi, protini hubaki hai, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni inayoamuru uboho uongeze seli nyekundu. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2019 kwa kulifumbua jambo hilo. Kazi hiyo ya kuongeza seli huchukua siku na majuma. Anayepanda kwa siku mbili hajaupa mwili wake nafasi.

Matibabu ya selimundu yamebadilika kuliko wengi wetu tunavyojua. Haidroksiyurea, kidonge cha kila siku, huuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya kitoto, ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama zetu, ambayo haishiriki katika nyuzi zile. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019, uliofanyika Angola, Kongo, Uganda na kwetu Kilifi, ulionyesha kwamba kwa watoto wa Afrika dawa hiyo hupunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, maambukizi, hata vifo. Tiba ya kuhariri jeni iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, lakini bei yake haimfikii mtu wa hapa Kieni. Kidonge kinaweza kumfikia, mradi kwanza ajulikane ni mgonjwa.

Ombi langu kwa walimu: shule zetu za bweni zina watoto kutoka Siaya, Kakamega, Kwale. Kabla ya safari ya mlimani, ongezeni mstari mmoja katika fomu ya mzazi ukiuliza kama mtoto amewahi kupimwa selimundu, na kama katika ukoo kuna mwenye ugonjwa huo. Wenzangu wa maabara: mtoto mwenye upungufu wa damu na maumivu ya mifupa asiondoke bila slaidi, awe ni wa kabila lolote. Mkumbuke tu kwamba kipimo hiki hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Kikionyesha seli zimepinda, damu ipelekwe kwenye kipimo cha kuzitenganisha himoglobini, na mzazi asiambiwe neno la kumvunja moyo kabla majibu hayajarudi.

Nusu saa imepita. Mwalimu uliyekaa karibu na dirisha, njoo uwe wa kwanza. Funga jicho moja, zungusha hiki polepole mpaka ukungu uondoke. Utaona duara nyingi kama sarafu. Sasa tafuta pembeni kidogo, kule ambako hazikubanana. Zile zenye ncha mbili, zilizopinda kama mundu wa kukatia ng'ombe nyasi, umeziona? Mwenye damu hii yuko nasi humu ndani, mzima kabisa, na asubuhi alinisaidia kubeba hadubini kutoka kwenye gari.