Alama za Nzi wa Maembe



Katika sherehe hii ya miaka kumi tumeombwa tuseme machache juu ya nzi wa matunda. Embe hutoka mtini likiwa zima machoni. Likipasuliwa sokoni Ifakara, ndani mna funza. Mnunuzi huondoka na fedha yake, nasi twabaki na tenga.

Nzi huyu ni mgeni kutoka Asia. Alionekana Kenya mwaka 2003, na mwaka huo huo akaonekana kwetu Tanzania.

Wengi mmesikia habari za mbung'o wa Unguja. Tangu 1994 madume waliofugwa Tanga, wakaondolewa uzazi kwa mionzi, walimwagwa huko kwa ndege. Jike aliyepandwa na dume wa namna hiyo hakuzaa, na baada ya 1996 mbung'o hakunaswa tena.

Lakini jike wa nzi wa matunda, hata asipozaa, hudunga tunda, na tundu hilo huliozesha. Yapasa basi kumwaga madume peke yao. Ni nani awezaye kuwachambua kwa mkono, nao ni mamilioni?

Hapo ndipo ramani ilipohitajika. Urithi wa nzi hukaa katika nyuzi nyembamba ziitwazo kromosomu, jozi sita. Wataalamu huoanisha nzi wenye alama, kisha huhesabu watoto: alama zirithiwazo pamoja mara nyingi ni majirani, ziachanazo mara nyingi zakaa mbali. Ndivyo mipaka inavyopimwa.

Kwa nzi wa matunda wa asili ya Afrika, Ceratitis capitata, alama mbili zilionekana katika kromosomu ya tano. Moja hufanya bundo, yaani funza aliyejifunga ndani ya gamba, liwe jeupe badala ya kahawia. Ya pili huua mayai yakitiwa joto. Kipande kisicho na kasoro hizo kikaunganishwa na kromosomu ya kiume. Basi madume hutoka kahawia, majike meupe, na mayai ya kike hufa kwa joto. Mwaka 2021 jeni ya weupe huo ilitambulikana, hata katika mgeni wetu wa Asia.

Hatuwaahidi ndege ya kumwaga madume Kilombero. Lakini funza hujifunga udongoni, chini ya mwembe ule ule ambapo sisi sote (nasi tumo) huacha maembe mabovu. Yafukieni, tena shimo liwe refu.

Juu ya meza ya katibu liko bakuli la mabundo tuliyoyachimbua jana. Atakaye na aje ayatazame kabla ya chakula.