Kupima Mto Bila Kuingia Majini
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze kwa kifupi juu ya kazi yangu ya kupima mito. Sisi tuliokulia Tunduma twajua malori kuliko mito, ingawa mkoa wetu, ulioanzishwa 2016, una jina la mto. Tena Songwe ni miwili. Mmoja humwaga maji Ziwa Rukwa. Wa pili ni mpaka wetu na Malawi, nao hupita Ileje na Kyela hadi Ziwa Nyasa. Nitasema juu ya huu wa pili.

Huko chini tambarare mto huu huhama. Mafuriko yakija hukata kona mpya, na shamba lililokuwa upande huu huonekana ng'ambo. Ndiyo sababu moja ya Tanzania na Malawi kutia saini mwaka 2017 mkataba wa kamisheni ya pamoja ya bonde hilo. Lakini kamisheni, bwawa, daraja, vyote vyahitaji tarakimu: maji mangapi hupita kwa sekunde wakati wa mafuriko? Na hapo ndipo tunapokwama. Kipimo chetu cha kawaida ni propela inayotumbukizwa majini. Kiangazi mtu huingia mpaka magotini akapima. Masika, magogo yakipita, nani atamtuma mtoto wa mwenzake aingie? Basi siku yenye maana kuliko zote hubaki bila kipimo, na mhandisi hukisia.

Dawa imetoka maabara. Mwaka 1904 Mjerumani Ludwig Prandtl alizungusha maji kwa mkono katika mfereji mdogo, akanyunyiza chembe za ulanga zinazong'aa ili aone maji yanavyopita. Miaka ya 1980 wataalamu walitia majini chembe ndogo sana, wakazimulika kwa mwanga wa leza uliotandazwa kama karatasi, wakapiga picha mbili upesi upesi. Kompyuta huigawa picha katika miraba, ikatafuta kila kundi la madoa limesogea wapi. Haifukuzi chembe moja moja. Hutambua kundi zima, kama mchungaji anavyolijua kundi lake kwa mbali.

Miaka ya 1990 Mjapani Ichiro Fujita na wenzake waliipeleka mbinu hiyo mtoni. Huko leza haihitajiki: povu na majani ndizo chembe. Kamera hukaa ukingoni au darajani. Kwa kuwa huutazama mto kiupandeupande, hupakwa rangi mawe kadhaa ambayo mahali pake pamepimwa, ili picha inyooshwe.

Vijana, hesabu yake ni ya darasani. Povu likisogea sentimita 8 katika sekunde 0.04, mwendo ni mita 2 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo huzidishwa kwa 0.85 hivi: mita 1.7. Tuseme mto una upana wa mita 20 na kina cha wastani cha mita 2. Hupita mita za ujazo 68 kila sekunde.

Msidhani ni uganga. Upepo husukuma povu ukadanganya. Maji meupe ya kiangazi hayana alama. Kina bado lazima kipimwe, na mafuriko huchimba sakafu ya mto, kwa hiyo kina cha Agosti si cha Machi. Binafsi naona hilo la kina ndilo gumu kuliko yote, na wauzaji wa vyombo hawalitaji. Na kama daraja ni la mpakani, ombeni ruhusa kwanza kabla ya kutoa kamera; askari hawezi kujua kwamba unapiga picha povu.

Nimeleta pumba za mpunga debe moja, utepe wa kupimia na simu yenye kamera. Baada ya chakula nitashuka kijitoni nyuma ya mabweni. Nahitaji vijana wanne wa kushika utepe, na mmoja wa kumwaga pumba taratibu.