Kabla ya Kununua Kaseti Kuukuu za Michezo ya Video



Kaseti za Game Boy, mashine iliyotolewa na Nintendo mwaka 1989, sasa hutafutwa sana na wakusanyaji. Na penye bei kubwa, bandia hazikosekani. Twawasihi msivutwe na lebo pekee, kwani lebo huchapwa upya kwa urahisi. Mwombeni muuzaji aifungue kaseti mbele yenu: ubao wa ndani wa kaseti halisi huwa na jina la Nintendo.

Pili, ijaribuni. Michezo kama Pokémon Red, iliyouzwa Marekani tangu 1998, hutunza kumbukumbu kwa betri ndogo. Betri ikifa, mchezo huendelea kuchezeka lakini hatua mlizofikia hupotea. Hifadhini mchezo, zimeni mashine, kisha iwasheni tena. Mkiambiwa betri ni mpya, hakikisheni imeunganishwa kwa lehemu, si kwa utepe. Kumbukeni pia kwamba kuing'oa betri hufuta yaliyohifadhiwa.

Mwisho, daini risiti inayotaja jina la mchezo, hali yake na neno “halisi”. Muuzaji akikataa kuliandika neno hilo, zuieni fedha zenu.