Unyenyekevu wa Waliookolewa

Hotuba kwa Wakristu na walimu wa Mogitu katika siku za jubilei



Desturi ya jubilei ni kuhesabu. Twahesabu miaka tangu Mbulu ilipofanywa Prefektura ya Kitume mwaka 1943, na tangu ilipopandishwa kuwa jimbo mwaka 1952. Twahesabu makanisa, shule na watu waliobatizwa, tukamshukuru Mungu. Ni vema. Lakini sisi tukaao chini ya Mlima Hanang hatuwezi kuhesabu neema peke yake, tukawaacha wafu wetu bila kuhesabiwa. Kwa hiyo leo twataka kuwaza pamoja nanyi jambo moja: mtu aliyeokolewa yampasa akaeje mbele ya Mungu, na mbele ya wenzake waliofiwa?

Mwayajua yaliyotupata. Ilikuwa tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, siku ambayo Kanisa huanza kumngojea Mwokozi. Asubuhi mapema, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na miti mizima vilishuka kwa nguvu kufuata mkondo wa mto, vikaangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom miongoni mwao. Watu wasiopungua 89 walikufa. Wataalamu wa serikali walieleza baadaye ya kuwa haukuwa moto wa volkano, bali miamba dhaifu ya mlima ilinyonya maji mengi hata ikashindwa kujishika.

Penye msiba kama huo hayakosi kuzuka maneno mawili. La kwanza lasema: "Waliokufa waliadhibiwa kwa dhambi zao." La pili lasema: "Sisi tulisali, ndiyo sababu tu hai." Maneno haya ni ndugu, na baba yao ni mmoja, naye ni kiburi. Asemaye la kwanza ajifanya hakimu wa wafu. Asemaye la pili ajifanya mdai wa Mungu, kana kwamba sala zake zilikuwa fedha, na uhai wake ni bidhaa aliyoinunua.

Bwana wetu mwenyewe alilijibu neno la kwanza. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, anataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu kumi na wanane. Anawauliza wasikilizaji kama wadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wote wa Yerusalemu. Naye mwenyewe akakana. Kisha hakuwaacha waende wakijiona salama, bali aliwaita kutubu wote, hao waliosimama mbele yake wakiwa wazima. Basi aliye hai asipekue maisha ya marehemu. Apekue yake.

Neno la pili twalijibu kwa Matendo ya Mitume, sura ya 12. Twaomba kila mwalimu aisome sura hiyo yote pamoja na watu wake, maana wengi huikumbuka nusu. Twakumbuka jinsi Petro alivyofunguliwa gerezani usiku. Twasahau ya kuwa sura hiyo yaanza kwa kifo cha Yakobo, ndugu yake Yohane, aliyeuawa kwa upanga wa Herode. Mitume wawili, mfalme mmoja, Kanisa moja, Mungu mmoja: huyu akauawa, yule akatoka. Wala hatuambiwi ya kuwa Yakobo alikuwa na imani haba, wala ya kuwa Petro alistahili zaidi. Petro ndiye aliyemkana Bwana mara tatu! Ya nini basi yeye aokolewe? Maandiko hayasemi. Petro naye hakusema. Hakuifanya minyororo iliyoanguka kuwa sifa yake, bali alieleza jinsi Bwana alivyomtoa, akaagiza ndugu wapewe habari. Tena huyo ndiye aliyetuandikia katika Waraka wake wa kwanza, sura ya 5, kwamba tujishushe chini ya mkono wa Mungu na kumtwika fadhaa zetu zote. Alijua alichokisema.

Na tuangalie neno dogo lililomo humo. Malaika aliiangusha minyororo, na lango la chuma likafunguka lenyewe. Lakini viatu Petro aliambiwa avae mwenyewe, ajifunge mshipi mwenyewe, na atembee kwa miguu yake. Akiisha kutoa habari, alikwenda mahali pengine. Hakukaa kuwangojea askari wa Herode ili aone kama malaika atarudi. Ndivyo lilivyo tumaini la kweli. Lisilowezekana kwetu twamwachia Mungu. Linalowezekana twalitenda kwa kumtii. Mtu anayejenga nyumba ndani ya mkondo wa maji, au anayekata miti ya mlima, kisha akasema anamtumaini Mungu, huyo hamtumaini, anamjaribu. Unyenyekevu ni pamoja na kumsikiliza mtaalamu aijuaye miamba, na mzee akumbukaye mahali maji yalipopita zamani.

Baada ya maafa, zilijengwa nyumba zaidi ya 100 kwa ajili ya waliopoteza makao yao, kwa mkono wa serikali, wa Msalaba Mwekundu na wa wasaidizi wengine. Zilijengwa Waret, katika kata hii yetu ya Mogitu, zikakabidhiwa mwezi wa Desemba mwaka 2024. Hivyo Mungu ametuletea somo la unyenyekevu mpaka mlangoni petu.

Ninyi wenyeji, msiwaite ndugu hawa kwa jina la msiba wao. Mtoto wa Waret shuleni asiitwe mtoto wa tope. Msiseme, "Wamepata nyumba nzuri kuliko zetu," maana hakuna kati yenu awezaye kubadilishana nao kwa bei waliyolipa. Nanyi mliohamia, msione haya kwa kupewa. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Nasi twaongeza, kupokea nako ni moyo. Huenda ni kugumu zaidi, kwa mtu aliyezoea kula jasho lake mwenyewe. Lakini ni nani miongoni mwetu asiyeishi kwa kupewa? Pumzi tumepewa, mvua tumepewa, ubatizo tumepewa. Mnapopokea kwa shukrani mwatukumbusha sisi sote tulivyo mbele ya Mungu.

Sasa twawageukia ninyi walimu, kwa kuwa mzigo wenu ni mzito. Ipo siku mtoto atawauliza: "Mama alisali kila siku. Mbona Mungu hakumwokoa?" Twawasihi, msimtungie sababu. Msimwambie ya kuwa mama alikosa, wala ya kuwa Mungu alihitaji ua jipya mbinguni. Semeni, "Hatujui." Neno hilo si aibu kwa mwalimu, ni heshima kwa Mungu. Kisha mwambieni tunayoyajua: ya kuwa Bwana Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, ingawa alijua atakalolitenda, ya kuwa yeye mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka, na ya kuwa siku ya tatu Baba alimfufua. Hapo ndipo lilipo tumaini letu. Kule kufunguliwa kwa Petro kulikuwa kwa muda, maana siku nyingine aliuawa naye kwa ajili ya Kristu. Lazaro naye alikufa tena. Kuokoka kwetu sisi na tope ni kwa muda vilevile. Wokovu usiokwisha ni mmoja, nao u tayari kwa Yakobo na kwa Petro, kwa aliyefukuliwa akiwa hai na kwa aliyezikwa.

Basi, jubilei hii isiwe sikukuu ya kujisifu. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tuwakumbuke marehemu wetu katika sala. Tuwatembelee jirani zetu wa Waret. Tupande miti penye upara mlimani. Na tuuinuapo uso kuutazama Hanang, tusiuogope kama mungu wala kuulaani kama adui. Nao ni kiumbe, umeumbwa kama sisi, na kama sisi wahitaji mkono wa Muumba ili usimame.

Mungu awapumzishe marehemu wetu kwa amani, awafariji waliofiwa, na atujalie sisi tuliobaki moyo wa unyenyekevu. Amina.