Ukinunua Ploti, Umenunua na Mpangaji Wake



Leo tuongee jambo la hapa hapa Komarock. Nyumba nyingi zilianza kama za familia moja, wenyewe wakapandisha ghorofa, wakapangisha. Sasa zinauzwa. Familia inachanga, ndugu aliye Saudia anatuma, ploti inanunuliwa. Mwezi wa kwanza tu, kumbe wa pale juu hajalipa miezi minne na hataki kutoka. Halafu vijana tunapigiwa simu: "Kujeni mng'oe mlango, kuna elfu mbili ya kila mtu."

Wacha niseme wazi: usiende.

Nyumba ikiuzwa, haki ya mpangaji haiuzwi. Mnunuzi anachukua nafasi ya mwenye nyumba wa kwanza, na shida zake. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, anayelipa mwezi kwa mwezi anapewa notisi isiyopungua mwezi, na iishe siku ya kulipa kodi. Duka la pale chini lisilo na mkataba wa maandishi lina sheria yake: notisi ya miezi miwili kwa fomu maalum, na mwenye duka anaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za biashara. Notisi ikiisha na mtu bado amekaa, unaenda kortini kuomba amri. Kufunga mlango, kukata stima, kung'oa bati, hiyo nguvu hujapewa. Deni nalo hudaiwa kupitia dalali wa mnada mwenye leseni, si vijana wa mtaa.

Sasa, kama ni mzazi wako ananunua, mwambie haya kabla hajatoa pesa.

Ardhisasa itakuonyesha jina la mwenye hati na kama kuna mkopo. Haitakuonyesha nani analala ndani. Kwa hivyo bisha kila mlango. Uliza: unalipa ngapi, uliweka dipoziti ngapi, unadaiwa? Linganisha na rekodi za M-Pesa za muuzaji.

Kisha wakili aandike kwenye mkataba wa kuuza: dipoziti za wapangaji zinahamia kwa nani, madeni ya zamani ni ya nani. Kama unataka nyumba tupu, sema hivyo, na sehemu ya bei ishikwe na mawakili mpaka mpangaji atoke.

Umeshanunua? Keti naye, pamoja na mzee mnayemheshimu wote. Mpangieni malipo kidogo kidogo. Hata kumsamehe miezi miwili atoke kwa maandishi, mara nyingi ni nafuu kuliko kesi.

Ndugu zangu, kila siku tunalia watu wetu wanachukuliwa bila kufuata sheria. Hatuwezi kumfanyia jirani vile vile kwa elfu mbili. Na polisi wakija, aliyekutuma hatakuwepo. Utakayeshikwa na nyundo mkononi ni wewe.

Wabillahi tawfiq.